Moshi wa Gari la Mama

Asali alilisikia gari kabla hajaliona. Lilikuwa likijikongoja kuelekea kituo cha kupima moshi, bati linameta, umri wa kuwa na wajukuu, na usukani umeshikwa na mama mmoja mtu mzima mwenye miwani. Asali akaegesha pikipiki yake, akajifuta mikono. Jina hilo alipewa kwa ajili ya ulimi. Moyo wake hakuna aliyewahi kuuonja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Eti hapa ndipo wanapopima moshi?"

"Ndipo. Ila ukiingia hivi hivi, watakufelisha. Ngoja niiguse kabureta kidogo, bure kabisa. Wewe ni kama mama yangu mzazi."

Mama yake mzazi alishaacha kumfungulia mlango.

Akainua boneti, akachomeka bisibisi kwenye skrubu ya kabureta, na badala ya kupunguza petroli, akaiongeza. Ndiyo kazi yake hiyo: analiharibu gari zima kwa kuzungusha kiganja, mwenye gari anakata tamaa, yeye analichukua kwa bei ya kutupa, kisha anairudisha skrubu mahali pake. Kazi safi, ukiacha moshi.

Mama akaingia. Punde kituo kizima kikawa giza. Mkaguzi akatoka anakohoa. "Limefeli!"

"Marehemu mume wangu alilipenda kuliko alivyonipenda mimi," mama akalia. "Nitarudije nyumbani?"

"Hili haliponi tena, mama. Chukua pikipiki yangu, mzigo huu niachie mimi."

"Pikipiki nzima? Mungu akuzidishie!"

Mama akaipiga teke moja, ikaitika, akakata kona kama aliyezaliwa juu yake. Hapo mtu mwingine angeshtuka. Asali alikuwa anacheka.

Akairudisha skrubu. Moshi mweusi ukakoma. Ukaanza wa buluu. Akakaza, akalegeza, akaibembeleza kabureta kwa majina ya mapenzi. Wapi! Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na skrubu inautibu. Wa buluu ni oili inayoungua ndani ya injini iliyokwisha, na ugonjwa huo hauna skrubu. Mama alikuwa ameuficha kwa oili nzito, ikashika mpaka injini ilipopata moto. Sasa injini ikalia kama sufuria zilizoanguka, ikanyamaza, gari likaziba lango.

"Litoe hapo, au naita polisi!" mkaguzi akafoka.

Asali akasukuma mpaka macho yakamtoka. Ndipo pikipiki yake ikatokea, mama juu yake, na nyuma lori la kuvuta magari.

"Pole, mwanangu," mama akasema. "Nikuondolee? Sitaki kitu."

"Mama, ubarikiwe!" Asali akamkabidhi funguo kwa mikono miwili.

Walipotokomea, gari na pikipiki pamoja, mkaguzi akamwekea mkono begani.

"Umeingizwa mjini, ndugu yangu. Mwezi ujao atakuja tena na gari lile lile."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

Mkaguzi akatazama viatu vyake.

"Ningeanzia wapi? Mimi kwa gari hilo nilitoa friji. Na nyama ilikuwemo."