Profesa Mzabibu na Karatasi ya Maabara

Jumatatu, 18 Agosti

Leo nimefungua enzi mpya Makutupora. Makutupora yenyewe haijapata habari.

Nimerudi kutoka mjini, kwenye semina ya siku tatu ya akili mnemba. Cheti ninacho. Tena nimeshatengeneza msaidizi wa simu kwa ajili ya kikundi chetu cha wakulima wa zabibu, ambacho mimi ni katibu wake mwaka wa kumi na moja sasa. Jina lake Profesa Mzabibu. Unampigia, unamuuliza, anakujibu kwa sauti nzito ya msomaji wa taarifa ya habari. Nimemwagiza kila jibu alianze na historia. Mkulima asijibiwe kama mtu anayeulizia choo cha stendi!

Mke wangu Ruthu aliitazama picha ya Profesa, akasema ni mimi kabisa, ila huyu ana nywele. Kisha akauliza ni mkulima gani aliyeomba profesa. Nikamweleza kwamba mambo makubwa hayaombwi. Akasema haya, baba Anitha, akaenda zake kuangalia mistari yake minne ya mizabibu.

Jumanne, 19 Agosti

Munira ataniharibia. Ndiye afisa ugani wetu, mtu wa Kondoa, ana adabu zake, shikamoo haimpiti. Lakini anazunguka na daftari akiuliza kila mtu: nini kinakusumbua? Swali gani hilo? Ukimuuliza mkulima kinachomsumbua, utarudi nyumbani Krismasi.

Alitaka kunisomea aliyokusanya. Nikasema nawahi fulana za uzinduzi. Akanifuata hadi kwenye pikipiki. Shikamoo tena. Akasema watu ishirini na mmoja kati ya ishirini na watatu wametaja kitu kimoja: hawajui kama zabibu zao zitapokelewa kiwandani au zitarudishwa. Lori letu lilirudishwa mapema mwezi huu, eti zabibu hazijaiva vya kutosha. Likirudishwa mara ya pili, kiwanda kinatufuta msimu mzima. Na siku yetu ni Ijumaa hii.

Nikamwambia yote hayo nayajua. Ndiyo maana tunahitaji profesa!

Fulana zimefika. Thelathini, zenye uso wangu na nywele. Zote saizi ndogo.

Jumatano, 20 Agosti

Uzinduzi.

Mwenyekiti wetu, Mama Penina, alipewa heshima ya swali la kwanza, simu ikiwa kwenye spika. Aliuliza: tukate kesho tupeleke Ijumaa, au tusubiri?

Profesa akaanza na Nuhu.

Dakika ya nne Nuhu alikuwa bado hajashuka mlimani. Dakika ya sita tulikuwa Misri. Mama Penina akasema, kwa sauti yake ya kwaya, kwamba Nuhu anamfahamu tangu Shule ya Jumapili, yeye anaulizia lori. Mtu huko nyuma akataka kujua kama profesa huyu analipwa kwa neno. Watu wakacheka. Nikacheka nao, ili ionekane tumepanga.

Kikao kikaamua: tukate kesho, Mungu atajua. Ruthu alitangulia nyumbani peke yake. Ruthu akikasirika, hata mbwa anatafuta pa kujificha.

Fulana zimekwisha. Wamevalishwa watoto.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo naandika kwa raha.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa shambani, mikasi na makreti tayari. Ruthu aliniambia jambo moja tu: tukifutwa, zabibu zake zote atazitia kwenye ndoo, akae barabarani kupungia magari yasimame kununua, na mimi nitakuwa pembeni yake nikipunga pia. Nilikata kwa bidii ili nisimtazame.

Akatokea Munira. Akauliza: vishada vya kupimwa vilipelekwa maabara ya kiwanda wiki iliyopita, majibu yako wapi? Nikasema yapo salama. Yalikuja Jumatatu, nikayapiga mhuri, nikayafaili. Akauliza yanasemaje. Nikasema yamepigwa mhuri.

Niwe mkweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Karatasi zile ni Kiingereza cha vifupisho na namba. Kiingereza changu mimi ni cha barua za shukrani. Miaka kumi na moja nimezifaili kwa mpangilio mzuri sana. Hata ile ya lori lililorudishwa imo, na mhuri wake.

Nikakimbia kuleta faili. Munira akaipiga picha karatasi, akaiingiza kwenye mtambo uleule wa akili mnemba ulio tumboni mwa Profesa wangu. Akaandika kwa kifupi: mweleze mkulima wa zabibu karatasi hii inasema nini, kwa Kiswahili cha kawaida, usiongeze lisilomo. Jibu likaja mistari mitatu. Sukari ya zabibu haijafika kiwango. Msikate kabla ya Jumatano ijayo. Ombeni siku nyingine ya kupokelewa.

Hata hivyo Munira hakuridhika, akapiga simu maabara. Mama aliyepokea akathibitisha kila neno, akatupangia Alhamisi ijayo. Akashangaa pia. Alidhani kikundi chetu hakina simu.

Mama Penina alipiga ukelele: wekeni mikasi chini! Hasara ni makreti mawili tu. Yote mawili nilikata mimi. Tumeambiwa tuzile nyumbani. Ni chachu mno.

Alhamisi, 28 Agosti

Nilisindikiza lori mwenyewe, Munira akiwa nami. Mpimaji akakamua tone la juisi kwenye kidude chake, akakielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Akachukua kishada kingine. Akafumba tena. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sitayaandika hapa.

Zimepokelewa. Zote! Makreti yote, ya watu wote ishirini na watatu!

Nilikaa chini palepale penye vumbi, na suruali ya kanisani. Nikampigia Ruthu, sauti haikutoka. Akadhani tumerudishwa, akaanza kunifariji, akasema tutapata tu pa kuanzia, usijiumize, mume wangu. Sijawahi kuambiwa maneno matamu kama yale. Nikachelewa kidogo kumsahihisha. Alipojua ukweli alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Halafu akasema nimpe Munira simu.

Jumamosi, 30 Agosti

Kikao cha shukrani. Kwa kauli moja Profesa amepewa likizo isiyo na mwisho, na kila karatasi ya maabara itasomwa kwa sauti siku inapofika. Mama Penina akanitaka niseme nimejifunza nini. Nikasema: kwanza msikilize mtu, ujue shida yake, mashine baadaye. Wakapiga makofi. Maneno yangu yaliniingia rohoni mimi mwenyewe.

Jioni alipiga Abbasi, mfuga mbuzi wa Chemba. Amesikia habari zetu, anaomba tuwasaidie na wao. Nilikuwa tayari! Nina Daktari Mbuzi, koti jeupe, miwani, anatoa hotuba na kughani mashairi. Nimeshapanga siku na mgeni rasmi.

Abbasi akashukuru, akaanza kunieleza shida yao hasa ni ipi. Nikamkatiza kwa upole, nikamwomba aihifadhi mpaka baada ya uzinduzi.