Kitanda cha Bibi Mazoon

Alhamisi, 8 Mei

Sista Rawya, mkuu wetu wa wauguzi, ametangaza mashindano. Jumatatu ni Siku ya Wauguzi. Kila mmoja atatandika kitanda kama wenzetu wa miaka ya hamsini: pembe zimekunjwa, shuka halina hata kunyanzi, mgonjwa yumo ndani. Mshindi atachagua likizo kwanza. Agosti imebaki nafasi moja tu, na Agosti dada yangu anaolewa nyumbani Kenya, Kakamega! Maureen, mwenzangu wa zamu, ameitazama kalenda mara mbili. Huyo anaitaka. Namjua.

Jumamosi, 10 Mei

Nimejichagulia Bibi Mazoon wa mtaa wa Azaiba. Ametolewa kijiwe cha nyongo, mwembamba, mpole. Nimemweleza kwamba zamani mkuu akipita, wagonjwa walijinyoosha kama askari. Amekubali. Amesema hata marehemu mumewe hakuwahi kumnyoosha, lakini tujaribu. Maureen amebaki na dereva wa viwandani Rusayl anayegaagaa kama samaki nchi kavu. Mungu yupo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetandika asubuhi mapema. Nikachomeka shuka chini ya godoro kwa nguvu zangu zote, nikamsihi Bibi asitikisike. Sista Rawya akachelewa. Akazidi kuchelewa. Mwishowe Bibi akaniambia kwa adabu, mwanangu, huu mguu nnauona kama si wangu.

Mtu katoka kwenye upasuaji, hatembei, mguu hausikii. Damu imeganda! Na aliyemfunga ni mimi. Sista Rawya anaingia, mimi nafumua kitanda kizima huku namwita Daktari Hisham. Daktari akapapasa, akapima, akasema ni ganzi, shuka limembana, mnyanyueni atembee. Niliketi sakafuni nikamshukuru Mungu kwa sauti. Bibi ndiye aliyenipa pole.

Maureen ameshinda. Sijali. Mguu ni mzima.

Jumanne, 13 Mei

Maureen amechagua Desemba! Kumbe Agosti hakuwa na haja nayo. Akasema, Rufus, si ungeniuliza tu? Nilicheka nusura nilie. Agosti ni yangu, na Bibi ameenda nyumbani kwa miguu yake miwili. Leo nitalala usingizi wa mtoto.

Ila Desemba ni Krismasi, na mama ameshazoea kuniona siku hiyo. Nimwombe Maureen tubadilishane? Hapana, akijua naitaka ataikazia. Kesho naanza kumnong'oneza kila mtu wodini kwamba Desemba ndege za Nairobi zinaahirishwa ovyo, aiache mwenyewe.