Mabakuli ya Rangi Nne

Kurugenzi ya Vyakula vya Nyongeza kwa Watoto Wadogo ilipata heshima ya kuutangazia umma kwamba utapiamlo umekwisha. Uliisha Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne, kwa azimio lililopita bila kupingwa.

Aliyeumaliza ni Mkurugenzi mwenyewe, mtu mwenye tumbo la cheo na sauti ya kipaza sauti. Wataalamu wake walikuwa wamemchosha kwa wimbo uleule: mtoto akitimiza miezi sita aendelee kunyonya, lakini maziwa pekee hayamtoshi tena. Aongezewe uji mzito, yai, maharage ya kupondwa, mboga, matunda. Mlo wake uwe na rangi mbalimbali.

Mkurugenzi, aliyekuwa akisinzia kwa makini, akashtuka.

"Rangi? Kumbe shida yote hii ni rangi? Mbona hamkusema mapema?"

Chakula cha rangi mbalimbali hakikuwamo kwenye bajeti. Mabakuli ya rangi mbalimbali yalikuwamo. Basi yakaagizwa mabakuli ya plastiki: jekundu, la njano, la kijani na la zambarau, kila mtoto apate yote. Chini kabisa, ndani ya kila bakuli, palichapwa picha ya Mkurugenzi akitabasamu, ili mtoto amalizapo kula aione sura ya mtu anayemjali.

Ugawaji ulianzia mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, Mkurugenzi akigawa kwa mkono wake mwenyewe. Aliyekuwa mbele ya foleni ni mfua nguo mmoja aliyeitwa Mama Pacha, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Wa kike alikuwa na kelele za kuamsha mtaa. Wa kiume alikuwa ameacha kulia kabisa, na kimya hicho ndicho kilichomnyima mama yake usingizi.

"Baba, kwa vyombo nashukuru," Mama Pacha alisema. "Ndani tunaweka nini?"

"Uji, mama."

"Uji wenyewe mwepesi, baba. Ukiuinamia unajiona."

"Utie kwenye la zambarau. Zambarau ni rangi nzito."

"Na hayo mengine?"

"Uji huohuo unaugawa. Kidogo kwenye jekundu, kidogo kwenye la njano, kidogo kwenye la kijani. Kitaalamu tunauita mlo mseto."

Mama Pacha alimtazama kama mtu anayetazama doa lisilotoka. Akabeba mabakuli yake, akaenda.

Muuguzi wa zahanati alifika ofisini kulalamika kwamba watoto hawaongezeki uzito, na yule pacha wa kiume amepungua. Mkurugenzi alimsikiliza kwa huruma.

"Dada yangu, mizani yenu imepitwa na wakati. Inapima kilo tu. Rangi haizioni."

Habari za mafanikio zikamfikia Waziri, naye akasema atakuja kujionea. Mkurugenzi hakulala kwa furaha. Alijua cheo cha ukatibu mkuu kiko wazi, na kiti chake kina magurudumu.

Siku ya ziara, ukumbi wa mtaa ulijaa akina mama, watoto, mabakuli na kamera. Msafara ulikuja na gari la nyuma lililobeba chakula cha wageni, kilichopikwa na mpishi wa Kurugenzi: mayai, maharage mazito, samaki, maboga, mapapai. Liliegeshwa uani kwa siri ya kiofisi.

Mkurugenzi alihutubia hadi mate yakamkauka. Alisema uji wa mabakuli manne unamtosheleza binadamu wa umri wowote. Waandishi wa habari wakapiga makofi, kisha mmoja wao akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Waziri, tunaomba uonje, tupate picha."

Waziri alikuwa ameacha kifungua kinywa makusudi, akijua atakula ziarani. Akaletewa bakuli jekundu. Akanywa. Kamera zikamngoja, akanywa la njano, la kijani na la zambarau, na kila alipofika chini alikutana na Mkurugenzi akimtabasamia.

Ndipo mlango wa uani ukafunguliwa na mpishi akachungulia, jasho tele.

"Bosi, msosi wa msafara unapoa. Nipakue wapi?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Ukumbi mzima ukasikia. Waziri akageuka taratibu, kamera zikageuka naye.

Mkurugenzi hakufika pale alipo kwa uzito wa ulimi. "Lete hapahapa!" alinguruma. "Hicho ni... ni chakula cha watoto. Cha nyongeza."

"Hata minofu ya samaki?"

"Hasa minofu! Toa miiba, ponda!"

Akina mama hawakungoja kurudiwa. Vijiko vikaponda mayai, viganja vikaponda maboga. Mama Pacha alichukua kiini cha yai, akakilainisha kwa maziwa yake, akamwekea mwanawe mdomoni kwa ncha ya kidole. Mtoto alikunja uso. Akamung'unya. Akameza. Kidole kilipoondoka, akaachia kilio cha kutikisa bati.

"Analia!" Mama Pacha alipiga kelele, machozi na kicheko pamoja. "Jamani, mwanangu analia!"

Waziri aliyaona hayo, akaona na kamera zilivyoyapenda. Akashika kipaza sauti.

"Huu ndio uongozi! Kuanzia leo, jiko la Kurugenzi litawapikia watoto wa mtaa huu kila siku. Na kwa kuwa Mkurugenzi ametuthibitishia kwamba uji wa mabakuli unatosheleza umri wowote, yeye na watumishi wake watautumia kazini, wawe mfano."

Makofi yalivuma mpaka kiwandani. Mkurugenzi naye alipiga, maana kamera zilikuwa kwake.

Siku zikapita. Watoto wa mtaa wakaanza kujaa mashavu, na Mkurugenzi akaanza kupenda ukaguzi. Alikagua kila siku, saa ileile ya kulisha, akiketi mkekani karibu sana na masufuria, macho yakifuata kila kijiko kutoka sahani hadi kinywa.

Siku moja pacha wa kiume, mikono yote ikiwa boga na yai, alimkazia macho. Watoto wanaijua njaa wakiiona. Akachota konzi, akamnyooshea.

Mkurugenzi akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kamera hakuna. Akafungua kinywa.

"Taratibu, baba," Mama Pacha alisema, akimfuta kidevu kwa kitambaa cha mtoto. "Kula taratibu. Kipo cha kutosha."