Mzee wa Nyumba

Kamusi aliiona bahati yake ikipanda ngazi saa nne asubuhi, inahema, imekumbatia kichwa cha cherehani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Bahati yenyewe ilikuwa mama mtu mzima, mjane, fundi wa nguo, miwani yake imefungwa uzi kwenye mkono mmoja. Amehamia mjini kushona sare za shule, na mwenye nyumba amempangia chumba kikubwa cha ghorofa ya nne, chenye dirisha pana na roshani. Bila mwanga ule, macho yake yasingeona hata tundu la sindano.

Chumba hicho hicho Kamusi alikimezea mate miaka sita. Chake kilikuwa stoo ya zamani kando ya jiko, hakina dirisha. Ukikunja goti unagonga ukuta, ukilinyoosha unafungua mlango. Akipata kile kikubwa ataweka meza na kiti cha kuzunguka, afungue ofisi ya kuwatafutia watu kazi ng'ambo. Kazi hazikuwepo, lakini hilo dogo. Meza ingekuwa ya kweli.

Waliomwita Kamusi hawakumwonea. Mungu alimpa maneno mengi, kazi ya kuyatumia vizuri akamwachia mwenyewe, na hapo ndipo palipoharibika.

"Karibu mama, karibu! Mimi ndiye msimamizi wa wapangaji."

"Nani kakuchagua, mwanangu?"

"Mazingira, mama."

Mpangaji wa tatu, muuguzi aliyekuwa ametoka zamu na kukaa jikoni na kikombe cha chai, alipaliwa. Alipohamia hapo, aliosha masufuria ya Kamusi mwaka mzima, kwa kuambiwa kwamba ni sharti la mkataba.

"Sasa mama," Kamusi akaendelea kwa sauti ya msibani, "nyumba hii ina kanuni. Mgeni huanzia chumba kile cha jikoni. Tena maji hayapandi huku juu, kwa hiyo mgeni huyateka bombani chini. Mimi roho inaniuma, lakini kanuni ni kanuni."

Mama aliitua cherehani mezani, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, hana haraka.

"Zimeandikwa wapi?"

"Zimo kichwani humu."

"Kichwani mna upepo, baba. Ziandike, tutie sahihi sote, tuzibandike ukutani. Shule yangu ni ndogo, ila kilichoandikwa nakiheshimu."

Kamusi nusura acheke. Amezoea watu wanaoikimbia karatasi, na huyu anaomba mwenyewe kamba ya kufungiwa! Akaleta daftari, akajikohoza, akaandika: *Mwenyeji wa nyumba atakaa chumba kikubwa.*

Mama akainama kusoma, kidole chini ya kila neno.

"Mwenyeji? Hapo umejishusha. Hata paka wa ngazini ni mwenyeji. Mtu wa cheo chako huitwa mzee. Mzee wa nyumba."

Neno lile lilimshuka Kamusi kifuani kama uji wa moto. Mzee! Maisha yake yote ameitwa "we kijana", ameitwa "tapeli", na mara nyingi zaidi ameitwa "simama hapo hapo". Akachana ukurasa, akaanza upya kwa mwandiko wa kupinda pinda: *Mzee wa nyumba atakaa chumba kikubwa. Mzee wa nyumba hateki maji, hutekewa na mdogo wake. Mzee wa nyumba ndiye wa kwanza jikoni.*

"Ongeza na hii," mama akasema. "Zisibadilishwe bila ruhusa ya mzee mwenyewe. Watu wa siku hizi hawaaminiki."

"Mama, wewe ungekuwa wakili!"

Akaongeza. Akapaka kizibo cha soda wino wa kalamu, akagonga mhuri. Wakatia sahihi. Muuguzi, aliyekuwa anasinzia, alisoma mara mbili, akamtazama mama, na usingizi ukamwisha palepale. Alitia sahihi yenye mikia mitatu.

Mama akaibandika karatasi ukutani kwa pini zake nne. Kisha akaikumbatia cherehani, akaenda moja kwa moja chumba kikubwa.

"Mama, umepotea! Chako ni hiki cha jikoni."

"Sijapotea. Soma."

"Mzee si mimi? Miaka sita niko hapa!"

"Huyo ni mwenyeji, na umemchana mwenyewe. Mimi nina miaka sitini na mitatu na wajukuu saba. Wewe je?"

Kamusi akajipapasa kichwa kutafuta mvi. "Arobaini," akasema, kwa kujiongezea kidogo.

"Mwaka juzi aliniambia ishirini na tisa," muuguzi akadakia. "Mwaka jana, ishirini na tisa. Nikadhani ni ugonjwa."

"Lakini mzee ni mwanamume!"

"Kila siku natangaza hospitalini, 'Jamani, mpisheni mzee,' na nusu yao ni kina mama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukataa kiti."

"Basi tuibadilishe!"

"Kwa ruhusa ya mzee," mama akasema. "Ngoja nimuulize." Akafumba macho, midomo ikacheza kidogo, kisha akayafumbua. "Amekataa."

Kamusi akairudia karatasi, akaisoma upya, kidole chini ya kila neno.

"Ndoo ziko nyuma ya mlango, mwanangu," mama akamwambia kwa upole. "Pole pole kwenye ngazi. Kanuni haijasema ukimbie."

Ghorofa ya pili alikutana na kinyozi, anashuka kwenda kazini.

"Kamusi! Leo ndoo?"

"Namtekea mzee," alijibu, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa.

Kinyozi akamsifu kwa mkewe, mkewe akawasifia majirani, na haikupita wiki jengo zima likawa linamsalimia kwa heshima. Wapo walioanza hata kumwamini, jambo ambalo miaka sita ya ujanja haikuwahi kumpatia. Pangekuwa pazuri sana pa kuanzia kazi. Ila angewalaghai saa ngapi? Cherehani ilikuwa inalia juu tangu asubuhi, na pipa la mzee lilikuwa bado halijajaa.