Misumari Mitano

Jumatatu, 10 Agosti 1964, Oshogbo, Nijeria
Kosa la watu wengi ni kudhani sanaa huanzia mkononi. Huanzia kichwani, na changu kimeongoza shule miaka thelathini. Ndiyo maana nimejiunga na karakana ya Adunola, mchoraji, mwanafunzi wangu wa zamani. Tuko sita: vijana watano na mimi. Tunachora kwa uji wa muhogo juu ya kitambaa, tunakausha, tunachovya kwenye nili, rangi ya buluu. Penye uji hubaki peupe. Jumamosi ni maonyesho. Misumari ukutani ni mitano! Atakayekosa atawamiminia wageni soda. Nimeshaliambia kanisa zima kwamba msumari mmoja ni wangu.

Jumatano, 12 Agosti
Tumekosoana. Samaki wangu wamesifiwa mno: kila kijana alisema, Baba, pole na kazi. Asabi, binti niliyewahi kumchapa kwa kuchorachora daftarini, alisema mara mbili, tena amepiga magoti kwa heshima, kama desturi yetu. Adunola naye akapiga magoti, akasema, Baba Mwalimu, utuwie radhi, lakini huu ni uji wa mgonjwa, nili itapenya. Wivu! Hata hivyo nimeuongezea unga wa viazi vikuu. Na asali, ung'ae.

Alhamisi, 13 Agosti
Nilianika kitambaa majanini. Mbuzi wa jirani akalamba samaki wote, akatembeatembea juu yao. Muda wa kuchora upya sina. Nimechovya hivyo hivyo.

Ijumaa, 14 Agosti
Maajabu! Michirizi myeupe, kama mto uliokasirika. Adunola akakizunguka kitambaa, akauliza nimeupata wapi mkono huru namna hii. Nikaeleza, kwa kirefu, faida za kusoma. Asabi akapiga magoti: Baba, samahani, na hizi kwato ni zako pia? Vijana wakagaragara sakafuni.

Jumamosi, 15 Agosti
Misumari mitano, vijana watano. Kisha Adunola akapigilia wa sita, akatundika kitambaa changu! Chini yake kaandika: Kazi ya Mbuzi. Soda nimemimina vilevile, tangu saa nne. Mke wangu akasoma maandishi kwa sauti, akaninyooshea bilauri, akasema, we kijana, ongeza. Kanisa zima likanyoosha bilauri.

Jumapili, 16 Agosti
Nimetafakari muda wote wa mahubiri. Kosa langu nimeliona: asali ilikuwa kidogo. Maonyesho mengine ni Desemba.
Leo, kabla ya chakula: kwenda kwa jirani, kuazima mbuzi.