Hotuba ya Mratibu Mkuu kwa Askari Waliokunywa Maji ya Kambi

Mheshimiwa Diwani, Mheshimiwa Naibu wa Diwani, Katibu wa Msikiti, Mchungaji, maafande wastaafu wa vyeo vyote, wajane wa maafande, akina mama mnaotuchemshia chai, nanyi mliocheleweshwa na basi la Alum Rock Road: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nimesimama hapa Saltley, huku ughaibuni, mwaka huu wa 2006, nikiwa Mratibu Mkuu wa Mpango wa Maoni ya Kitabibu, mpango ambao kwa unyenyekevu nakiri niliubuni peke yangu, kuwahakikishia ninyi mliokunywa maji ya bomba kutoka kisima cha kambi, kilichochimbwa jirani na gereji ya jeshi hata dawa ya kuoshea injini ikapenya humo miaka na miaka, kwamba suala la saratani zenu limefanyiwa mainstreaming, limewekewa roadmap, na sasa liko kwenye pipeline. (Sauti: "Hata sumu ilikuja kwa bomba!" Kicheko.) Asante, mzee, hiyo ndiyo stakeholder engagement.

Wapo wapotoshaji wanaodai hatujafanya lolote. Utafiti wetu wa kina umethibitisha kwamba asilimia mia moja ya wanywaji waliohudhuria leo wako hai! (Makofi machache. Bi Mwanamize, mjane: "Na wangu je? Kafa akimngoja daktari wenu!") Bi Mkubwa, pole sana, lakini marehemu hakuhudhuria, kwa hiyo hakuingia kwenye sampuli. (Miguno.)

Ninaifahamu pia kesi ya Afande Cleopas, yule mwenye fimbo, ambaye rufaa yake ya pensheni ya ugonjwa inasikilizwa kesho Jumatatu, na itatupwa asipopatikana daktari wa kuandika kwamba saratani ya figo zake ilitokana na maji yale. Afande, ondoa hofu! Jopo letu la madaktari bingwa litatoa maoni evidence-based, ya kiwango cha kimataifa. (Cleopas: "Lini, mheshimiwa?") Katika muda mwafaka, Afande.

Maoni ya daktari! (Wawili watatu: "Haki ya askari!") Afya kwanza! (Kikohozi.)

Sasa, kama ilivyo desturi yetu, wageni wa meza kuu wasimame wapunge mkono. Jopo la Madaktari, simameni! (Viti vitano vyenye vitambaa vyeupe ni vitupu. Cleopas anajikongoja hadi cha kwanza, anakaa.) Afande, hicho ni cha daktari! (Cleopas: "Najua. Namngojea.")

Basi, nawashukuru wenye harusi ya jana kwa kutuachia vitambaa hivi vya viti vya madaktari, ambao tutaanza kuwatafuta rasmi Jumanne. Asanteni kwa kunisikiliza.