Kamera Yenu Imemharibu Mama Mkwe

Mheshimiwa Daktari Noh,

Na kabla simu haijakatika nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye malalamiko yenyewe. Samahani kwamba nilianza na habari za harusi, lakini mume wangu Gyeong-su ana vishimo mashavuni, na mtu hawezi kuvipita hivihivi.

Ninyi watafiti mlisema Seoul ni mbali na kwetu Haenam. Basi badala ya kuja kututazama tukifundishana kutengeneza kimchi, hiyo kabichi yetu ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, mkatutumia kamera ya kuweka jikoni, nasi tuishi kama kawaida. Kawaida gani?

1. Kamera ikiwekwa tu mezani, mama mkwe anavaa vazi lake la hariri la sikukuu. La kutilia kabichi chumvi!

2. Zamani alinifundisha vizuri: "We bibi harusi, unaosha kabichi au unaibembeleza? Kamua!" Nikakamua, nikajua. Siku hizi ananiambia, "Taratibu, mwanangu, vidole vitakufa ganzi." Sikemewi, kwa hiyo sijui nilipokosea. Kimchi ya juzi ilizidi chumvi hata Gyeong-su, ambaye hula chochote nikipikacho huku akinitazama machoni, aliomba maji.

3. Gyeong-su mwenyewe hakuwahi kushika kisu. Sasa anakata figili mbele ya kamera, mikono ya shati ameikunja. Anapendeza mno. Somo silisikii.

4. Hili ndilo linaloniuma. Wiki ijayo ukoo mzima unakuja kutengeneza kimchi ya majira ya baridi, na mimi sijui kama mama mkwe ananipenda mimi au anaipenda kamera. Hiyo "mwanangu" ni yangu au ni yenu?

Kwa hiyo naomba muiondoe kamera, au mje wenyewe mjifiche kwenye mtungi wa kimchi. Mitungi yetu ni mikubwa, na mmoja nimeshauosha.

Wasalimie wote ofisini, hasa yule dada aliyekuwa na mafua kwenye simu.

Wako, mwenye furaha isiyofichika,
Eum Bo-ram

Tanbihi: Mama mkwe amepita, akaisoma barua hii begani kwangu, akacheka hadi akakaa chini. "Kamera gani? Kifuniko cha jicho lake nilikirudisha siku ileile ya kwanza. Seoul ione jikoni kwangu kuna nini?" Basi ile hariri alimvalia nani? Nimemuuliza. Amesema, "Acha maswali, mwanangu, kaoshe kabichi."

Kamera iacheni hapohapo. Gyeong-su hajui habari za kifuniko, na figili bado ni nyingi. Kimchi yenye chumvi ya kiasi nitawaletea kwa mkono wangu kabla mwezi huu haujaisha.